Imeandikwa Wapi? Historia ya Hati ya Ndoa Kwetu Beni na Butembo

Kitabu cha Tobiti, ambacho masomo yake husikika mara nyingi katika misa za arusi, kina jambo dogo ambalo wengi wetu hulipita haraka. Tobia, kijana aliyetoka Ninawi, amefika Ekbatana na kumposa Sara. Ragueli, baba wa Sara, anamshika binti yake mkono, anamkabidhi kwa Tobia na kuwabariki. Kisha, kabla watu hawajaketi kula, anamwita mkewe Edna alete karatasi, naye anaandika hati ya ndoa. Maandiko hayatuelezi sababu, lakini si vigumu kuiona. Familia hizo mbili ni za ukoo mmoja na zinaaminiana. Hata hivyo Tobia ni msafiri, na Sara ataondoka naye kwenda mahali ambapo hakuna jirani hata mmoja aliyeiona mikono yao ikishikana. Huko ugenini, hati ndiyo itakayowasemea.

Siku hizi kuna nyumba nyingi katika Butembo na Beni ambazo zina Tobia wao au Sara wao Marekani. Mmoja aliondoka kama mkimbizi kupitia Uganda, mwingine kwa masomo, mwingine kwa bahati ya lotari ya viza. Baada ya muda simu hupigwa nyumbani: tafuteni cheti cha ndoa, tafuteni vyeti vya watoto, kuna fomu za kujaza ili mke au mume apate ile kadi ya ukaaji wa kudumu ambayo dunia nzima huiita kadi ya kijani. Ndipo wazee hushangaa. Mahari ilitolewa, mbuzi walihesabiwa mbele ya watu, padri alibariki, watoto wapo: kwa nini mgeni aulize kama ndoa hii ni kweli?

Sisi walei tumeona vema kulitazama swali hilo kwa njia ya historia. Swali la "imeandikwa wapi?" halikuzaliwa Marekani. Kanisa liliwahi kuliuliza, serikali zilizotutawala ziliuliza kwa namna zao, na kila mara aliyeumia kwa kukosa jibu alikuwa yule asiye na nguvu: mke aliyeachwa na mtoto asiye na jina la baba.

Trento na daftari la paroko

Kwa karne nyingi Kanisa la Magharibi lilifundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya mume na mke. Fundisho hilo ni la kweli hata leo. Lakini lilileta balaa moja: ndoa za siri. Kijana alimpa msichana ahadi faraghani, wakaishi kama mume na mke, na baadaye akakana mbele ya watu na kuoa mwingine hadharani. Mbele ya Mungu alikuwa na mke; mbele ya watu mke huyo hakuwa na neno la kujitetea, kwa maana hapakuwa na shahidi wala maandishi.

Mtaguso wa Trento, mnamo Novemba 1563, ulitoa amri inayojulikana kwa neno lake la kwanza la Kilatini, Tametsi. Amri hiyo iliagiza kwamba ndoa itangazwe kwanza kanisani, ifungwe mbele ya paroko au padri aliyeruhusiwa, pamoja na mashahidi wawili au watatu, na kwamba paroko aandike katika kitabu majina ya wenye ndoa na ya mashahidi, pamoja na siku na mahali. Kitabu hicho akitunze kwa uangalifu. Tunapomwona paroko wetu akifungua daftari lake kubwa baada ya misa ya arusi na kuwaita mashahidi watie sahihi, tunaona kazi iliyoanzishwa kwa ajili ya kumlinda mtu aliyeweza kukanwa.

Amri ya Trento haikutangazwa kila mahali. Ilikuwa mwaka 1907, kwa amri ya Ne Temere iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908, ndipo Kanisa la Kilatini karibu lote lilipopata utaratibu mmoja. Amri hiyo iliongeza jambo lenye manufaa makubwa: ndoa iandikwe pia pembeni mwa jina la kila mmoja katika daftari la ubatizo. Kwa hiyo Mkatoliki anayefunga ndoa Butembo, lakini aliyebatizwa mahali pengine, huandikwa mara mbili. Daftari moja likiungua, la pili lipo kilomita nyingi kutoka hapo. Tutarudi kwa jambo hilo, kwa sababu vita vimetufundisha thamani yake.

Mbuzi, wazee na madaftari ya misheni

Misheni ya Beni ilianzishwa na mapadri wa Moyo Mtakatifu mwaka 1906, miaka miwili tu kabla ya Ne Temere kuanza kutumika. Waasumpsionisti walifika mwaka 1929 na kuiendeleza kazi hiyo. Mwaka 1938 eneo hilo likawa vikarieti ya kitume chini ya Askofu Henri Piérard. Mwaka 1959 likawa jimbo, na mwaka 1967 likapata jina tunalolitumia leo, Jimbo la Butembo-Beni. Kila parokia iliyozaliwa katika safari hiyo ilizaliwa na madaftari yake: ubatizo, kipaimara, ndoa, marehemu.

Isidhaniwe kwamba kabla ya madaftari hayo ndoa za wazee wetu hazikuwa na ushahidi. Kwa Wanande, mahari ilikuwa mbuzi, na mbuzi hawatolewi gizani. Pande mbili zilikutana, wazee walisema, mbuzi walihesabiwa, na kila aliyekuwapo alikuwa daftari lenye miguu. Ugomvi ukitokea, wazee waliitwa nao walikumbuka nani alileta nini na nani alipokea. Utaratibu huo ulitosha maadamu watu waliishi na kufa karibu na mahali walipooana. Uligonga ukuta pale mtu alipokwenda mbali, au pale wazee wote waliokumbuka walipokufa kwa mara moja.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na maandishi yake, ila haikuyatoa kwa wote kwa namna moja. Daftari kamili la hali ya kiraia liliwekwa hasa kwa ajili ya Wazungu na Wakongomani wachache waliosajiliwa. Wengine wote waliachwa chini ya desturi. Amri ya tarehe 5 Julai 1948 iliweka ulinzi wa kisheria kwa ndoa ya mke mmoja ya wenyeji, na amri ya tarehe 4 Aprili 1950 ilipiga marufuku ndoa mpya za wake wengi kuanzia tarehe 1 Januari 1951. Katika miaka hiyo hiyo zilikuja kadi ya sifa ya kiraia, mwaka 1948, na usajili wa mwaka 1952 kwa wale walioitwa "evolués". Aliyeomba alichunguzwa. Wakaguzi waliingia nyumbani mwake, wakatazama fanicha, jiko na usafi, wakauliza namna anavyoishi na mkewe na kama kweli ana mke mmoja.

Kumbukumbu hiyo haijafutika. Mzee anaposikia kwamba afisa wa Marekani atawauliza wanandoa wanaishije, jeraha la zamani huamka ndani yake, kwa maana aliona jinsi karatasi ilivyotumiwa kupima utu wa mtu. Tunaielewa hasira hiyo. Lakini tusichanganye mambo mawili: karatasi inayopima kama mtu anastahili kuitwa mtu, na karatasi inayomsaidia mke aseme "huyu ni mume wangu" akasadikiwa.

Ndoa tatu, au ndoa moja yenye milango mitatu

Baada ya uhuru nchi yetu ilikaa muda mrefu bila sheria moja ya familia. Ilipatikana kwa sheria namba 87/010 ya tarehe 1 Agosti 1987, Kanuni ya Familia, iliyoanza kutumika mwaka mmoja baadaye na kurekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kanuni hiyo haikuidharau desturi: inadai kwamba mahari yapatanwe kati ya mume mtarajiwa na familia ya mke. Inakubali pia ndoa ifungwe katika familia kwa desturi. Lakini inaagiza kwamba ndoa hiyo ipelekwe kwa afisa wa etasivili ndani ya mwezi mmoja ili iandikwe. Kuhusu ndoa ya kanisani peke yake, mbele ya serikali haina nguvu ya kisheria.

Hapa ndipo familia zetu nyingi zilipokwama. Mahari ikitolewa, watu wa mtaani humwita binti "mke wa fulani", na jambo huonekana limekwisha. Arusi ya kanisani hungojea fedha za karamu. Safari ya kwenda komini, iwe Kimemi, Vulamba, Mususa au Bulengera kule Butembo, iwe Beu, Bungulu, Mulekera au Ruwenzori kule Beni, huonekana kama jambo la mwisho ambalo laweza kungojea. Siku hizi parokia nyingi hudai cheti cha serikali kabla ya baraka, na zafanya vema. Lakini wako waliobarikiwa zamani bila cheti hicho, na wako wengi zaidi waliotoa mahari na kuishia hapo.

Kwa familia isiyotoka kijijini, pengo hilo halionekani. Huonekana mume akifa na ndugu zake wakamwuliza mjane: "Wewe ni nani hapa?" Huonekana pia siku ile ambapo mume aliye Marekani anafungua fomu na kukuta mstari unaouliza tarehe na mahali pa ndoa.

Fomu inauliza nini?

Sheria ya Marekani kuhusu familia za wahamiaji ina historia yake. Mwishoni mwa mwaka 1945, baada ya vita kuu, ilitungwa sheria maalumu ya kuwaingiza wake wa askari waliooa ng'ambo. Sheria kubwa za uhamiaji za mwaka 1952 na 1965 zikaweka familia katikati: mke au mume wa raia haingojei zamu ya idadi inayowekwa kila mwaka, ilhali mke au mume wa mkaaji wa kudumu hungojea. Kadi yenyewe ilikuwa ya kijani miaka ya 1950, ikabadilishwa rangi mwaka 1964, na kurudia ukijani mwaka 2010. Jina halikubadilika kamwe.

Mwaka 1986 ilikuja sheria dhidi ya udanganyifu wa ndoa. Tangu hapo, ikiwa ndoa haijatimiza miaka miwili siku mhamiaji anapopata ukaaji, hupewa kadi ya masharti ya miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho za muda huo, mume na mke huomba pamoja masharti yaondolewe, wakionyesha kwamba bado wanaishi maisha ya ndoa. Aliyefanya ndoa ya uongo kwa kujua aweza kufungwa hadi miaka mitano na kutozwa faini hadi dola 250,000, na mhamiaji aliyehusika hufungiwa njia ya kuombewa tena na mwenzi yeyote, hata kama baadaye atafunga ndoa ya kweli.

Kazi huanza na fomu I-130, ambayo aliye Marekani hujaza kumwombea mwenzake. Huandikwa majina kamili, wazazi, makazi ya miaka mitano, ndoa zote zilizotangulia na jinsi kila moja ilivyokwisha, watoto wote, na mahali ambapo wawili hao waliishi pamoja mara ya mwisho. Mwenzi akiwa tayari ndani ya Marekani, aweza mara nyingi kuomba kadi huko huko kwa fomu I-485. Akiwa kwetu, hujaza fomu DS-260, hupimwa na daktari aliyeidhinishwa, na huitwa kwenye mahojiano katika ubalozi wa Kinshasa, safari ambayo kwa mtu wa Beni ni tiketi ya ndege na siku nyingi za malazi. Mwombaji hutia sahihi pia fomu I-864, akiahidi kwamba pato lake, kwa kawaida lisilopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha huko, litamtunza anayekuja. Hati zetu za Kifaransa hutafsiriwa kikamilifu kwa Kiingereza, na mtafsiri huthibitisha kwa sahihi kwamba anazijua lugha hizo na kwamba tafsiri yake ni sahihi.

Aliyeondoka kama mkimbizi ana mlango mwingine, fomu I-730, lakini mlango huo una mipaka miwili. Lazima fomu ipelekwe ndani ya miaka miwili tangu alipoingia Marekani, na lazima ndoa iwe ilikuwapo kabla hajaingia. Hapo neno alilolisema kambini huhesabiwa. Mwezi Julai 2013, baada ya shambulio la Kamango, watu zaidi ya 60,000 walivuka kwenda Bundibugyo nchini Uganda, na wengi wao wakapelekwa Kyangwali. Wengine walivuka mume huku, mke kule. Aliyejiandikisha kambini kuwa hana mke, kwa hofu au kwa kusikiliza ushauri wa mitaani, alijifungia mlango ambao miaka baadaye angeuhitaji. Mwaka wa fedha 2016 Wakongomani waliopokelewa Marekani kama wakimbizi walizidi 16,000, kundi kubwa kuliko yote ya mwaka huo. Katika umati huo ni rahisi kuwaza ni nyumba ngapi zilitegemea neno moja lililoandikwa kambini.

Mtu mmoja, majina mawili

Tatizo linalowasumbua watu wetu kwenye fomu hizo huanza na nafasi ya kwanza kabisa: jina la familia. Kwa Wanande jina hueleza nafasi ya kuzaliwa. Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Masika ni msichana wa kwanza. Baba na wanawe hawashiriki jina moja, na mke hachukui la mumewe. Afisa aliyezoea baba, mama na watoto wenye jina moja hukuta watu watano wenye majina matano, na katika faili nyingine akakuta Kambale wengine mia wasio na udugu wowote.

Juu ya hayo iko historia ya nchi. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo katika maandishi ya serikali. Aliyebatizwa Yosefu au Maria akaandikwa komini kwa majina ya asili tu, huku daftari la parokia likiendelea kumwita Yosefu au Maria. Ndiyo sababu wako wazee, na wazazi wa hao waombaji, ambao cheti chao cha ubatizo na kitambulisho chao vinaonekana kama vya watu wawili. Aibu haimo ndani yake, ni historia. Fomu ina nafasi ya kuandika majina mengine yote ambayo mtu amewahi kuyatumia, na nafasi hiyo ijazwe. Linalotia shaka ni kuficha jina moja ili mambo yaonekane sawa.

Daftari linapoungua

Tangu Oktoba 2014 mauaji yameendelea katika eneo la Beni. Vijiji vimehamwa, nyumba zimechomwa pamoja na masanduku yaliyokuwa na vyeti. Kuanzia Mei 2021, chini ya hali ya kuzingirwa, hata viti vya utawala wa miji yetu vilipewa wanajeshi na polisi. Mtu aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni hakubeba hati.

Sheria ya Marekani haikusahau watu wa namna hiyo. Kanuni zake zasema kwamba hati ya kwanza isipopatikana, mwombaji athibitishe kwamba haipatikani, kisha alete ushahidi wa pili, na kanuni zenyewe hutaja kwa mfano kumbukumbu za kanisa na za shule. Hizo nazo zisipopatikana, alete viapo vya maandishi vya watu wawili au zaidi, wasiohusika na ombi hilo, walioyajua mambo kwa macho yao. Mashahidi wawili au zaidi: ni hesabu ile ile ya Trento.

Hapa ndipo ile amri ya mwaka 1907 inapozaa matunda. Daftari la ndoa likipotea katika parokia iliyoshambuliwa, maandishi ya pembeni katika parokia ya ubatizo yaweza kuwa bado yapo. Tumwendee paroko kwa adabu na kwa subira, na majina kamili, mwaka na jina la misheni. Kwa upande wa serikali, yawezekana kuomba hukumu ya mahakama inayochukua nafasi ya hati iliyokosekana. Njia hiyo ni ndefu, lakini ni njia halali. Cheti kilichonunuliwa sokoni chenye mhuri unaong'aa ni chepesi kupata, na ndicho kilichoangusha maombi ya watu waliokuwa na ndoa ya kweli kabisa.

Mtoto wa ndugu

Tufike sasa kwenye jambo chungu. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilijaribu vipimo vya vinasaba kwa familia za Kiafrika zilizoomba kuungana na jamaa zao wakimbizi, ikianzia Nairobi. Ilitangaza kwamba ni chini ya asilimia 20 ya familia ambazo undugu wote uliotajwa uliweza kuthibitishwa. Katika hesabu hiyo walikuwamo pia waliokataa kupimwa au wasiofika. Mpango huo wa kuunganisha familia ukasimamishwa hadi mwaka 2012, na uliporudi ulidai vipimo kati ya mzazi na mtoto.

Bila shaka wako waliouza nafasi. Lakini sisi tunajua habari nyingine ambayo takwimu haiisemi. Kwetu baba mdogo ni baba, na mama mkubwa ni mama. Mtu aliyelea mtoto wa kaka yake aliyeuawa huko Mbau au Oicha, au aliyechukuliwa na Ebola iliyoua watu zaidi ya 2,200 kati ya mwaka 2018 na 2020, akiandika "mtoto wangu" hasemi uongo katika lugha yake. Fomu hutumia neno hilo hilo kwa maana nyingine: aliyezaliwa na mtu huyo, mtoto wa mwenzi wake, au aliyeasiliwa kisheria. Kati ya maana hizo mbili watoto wengi wameanguka, na wengine wameanguka pamoja na waliowalea, kwa kuwa jibu moja lisilolingana na kipimo lilitia shaka ndoa nzima.

Hatuna dawa rahisi ya uchungu huo. Tuna neno moja tu la kusema: mtoto wa ndugu aandikwe kuwa mtoto wa ndugu, na uasili wake ufanywe mapema mbele ya mahakama, kabla safari haijawaziwa. Upendo uliomchukua kutoka kwenye majivu haupungui kwa kuandikwa kwa jina lake halisi.

Ndoa ya mbali na ndoa ya karatasi

Mambo mawili ya mwisho yanahitaji uangalifu. La kwanza ni desturi ya kuoa kwa niaba. Mume yuko Marekani. Ndugu yake anasimama badala yake, mahari inatolewa, picha yake inawekwa mezani. Kanisa lenyewe, kwa masharti yake, hujua ndoa kwa njia ya mwakilishi, na sheria ya Kongo huiruhusu kwa sababu nzito na kwa idhini ya hakimu. Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani haimtambui mke au mume wa arusi ambayo wawili hawakuwa pamoja, isipokuwa kama baadaye walikutana wakaikamilisha ndoa yao kimwili. Fedha nyingi zimepotea, na mabinti wengi wamengoja miaka, kwa kutolijua jambo hili.

La pili ni ndoa inayofungwa kwa ajili ya karatasi tu. Wapo wanaosema: ni mbinu ya maskini, nani anaumia? Anaumia yule aliyedanganywa, aliyedhani anapendwa. Anaumia pia mwenye kadi ya masharti ambaye mwenzake humtishia kila siku kwamba hatatia sahihi. Inafaa binti zetu wajue kwamba sheria ya huko huruhusu anayeteswa kuomba kuondolewa masharti bila sahihi ya mtesi wake, na kwamba tangu mwaka 1994 mke au mume anayeteswa na mwenzi aliye raia au mkaaji wa kudumu aweza kujiombea mwenyewe. Hakuna kadi inayodai mtu akubali kupigwa.

La kufanya kabla ya simu kupigwa

Paroko anapowahoji wachumba, mmoja mmoja, huuliza kama wako huru, kama hawalazimishwi, kama hakuna kifungo cha awali. Afisa wa ubalozi huuliza maswali yanayofanana na hayo, akiwa na nia nyingine na mamlaka nyingine. Aliyeishi ndoa yake mchana hana neno jipya la kujifunza kwa ajili ya mahojiano hayo. Ataonyesha vyeti vya watoto, picha za siku ya mahari, risiti za fedha zilizotumwa za ada ya shule, kumbukumbu za simu za usiku, na barua ya shahidi aliyekuwapo.

Kwa hiyo tunapendekeza kila shirika lichukue kazi ndogo mwezi huu. Zihesabiwe, bila kumwaibisha mtu, ndoa ambazo zina mahari lakini hazijafika komini, na wenye nazo wasindikizwe kuziandikisha. Watoto waliozaliwa waandikwe ndani ya siku 90 ambazo sheria inazitoa, ili wazazi wasilazimike kwenda mahakamani. Wajane walio na cheti cha parokia tu wasaidiwe kukitunza, na nakala yake iwekwe nyumba nyingine. Wazee waliohesabu mbuzi waulizwe majina na miaka wangali hai, na yaandikwe. Wengi wa watakaofanyiwa hayo hawatapanda ndege kamwe. Ni mke atakayebaki hapa hapa Butembo au Beni, siku moja akiwa peke yake mbele ya watu wanaomuuliza yeye ni nani, ndiye atakayeifungua bahasha hiyo kwanza.